Upepo wa Shingoni

Jumatatu, 4 Machi
Mazoezi. Aibu tupu! Nilikuwa naongoza okestra vizuri, kijiti juu, kidevu juu. Ikafika zamu ya mwimbaji wetu Corrado Bertozzi, nami nikajikuta naimba naye. Kwa sauti! Nimeimba opera maisha yangu yote; koo halijapata habari kwamba siku hizi mimi ni kiongozi wa okestra. Wapiga fidla wakacheka chinichini. Signora Bocchi, mkurugenzi wa ukumbi, akaniita pembeni. Akasema watu hawakati tiketi waje kumsikia maestro akinguruma. Opera hii ya mtunzi Ghiretti ikianguka Jumamosi, basi, habari ya opera zilizosahauliwa imekwisha, ukumbi wapewe wacheza densi. Maskini Ghiretti! Kalala kabatini miaka mia mbili, na aliyemtoa na kumpangusa vumbi ni mimi.

Jumanne, 5 Machi
Nimewaza. Tatizo si mimi, ni Corrado. Ana sauti nzuri mno, kijana yule, nakiri humu tu. Lakini akiugua, nani mwingine anayajua maneno yote? Mimi! Nitaongoza huku naimba. Shangwe! Machozi! Ghiretti ataokoka, na mimi pia. Na kwetu waimbaji hakuna adui kama upepo wa shingoni: ukikupiga, sauti inakauka. Kesho nimemwalika Corrado chakula cha mchana kando ya mto Po, kwenye ukungu.

Jumatano, 6 Machi
Nikachagua meza kati ya mlango na dirisha, nikamwomba mwenye mkahawa aache vyote wazi. Akaniuliza kama kichwani niko sawa. Corrado akaja na shali mbili. Nikamwambia avue, kuna joto. Akasema, "Vua wewe kwanza, Maestro." Ningefanyaje? Nikavua koti. Nikavua shali. Nikavua mpaka tai! Yeye akala sahani mbili za tambi za maboga, kajifunga kama mtoto mchanga. Mke wangu Ivonne aliponiona narudi shingo wazi, alinisema mpaka majirani wakatoka madirishani.

Ijumaa, 8 Machi
Sina sauti. Hata chembe! Nikifungua mdomo inatoka hewa tu. Ivonne anasema nimeyataka mwenyewe. Corrado kaja na asali, kanivisha shali yake kwa mikono yake. Mjinga yule ana roho nzuri, inakera. Alipoondoka nililia. Kesho Ghiretti anarudi kabatini, na safari hii hatatoka tena.

Jumapili, 10 Machi
Jana! Watu wa roshani ya juu, wale wasiomsamehe mtu hata nota moja, walishakaa na mikate yao wakinisubiri. Hata kijiti sijainua, mmoja akanipazia sauti: "Oreste, leo utuachie na sisi tusikie!" Ukumbi mzima ukacheka. Nikaanza hivyo hivyo. Ilipofika zamu ya Corrado nikaachama mdomo wote, mishipa ya shingo ikanisimama. Kimya. Zikasikika fidla, akasikika Corrado, na kwa mara ya kwanza akasikika Ghiretti mwenyewe. Hakuna aliyekohoa. Mwishoni roshani nzima ikasimama, watu wazima wanafuta machozi, wanaliita jina la Ghiretti! Signora Bocchi kanibusu mashavu yote mawili. Wacheza densi watafute kwingine, alisema. Mwakani kuna opera nyingine iliyosahauliwa, na wa kuiongoza ni mimi, ila niongoze vilevile kama jana. Akanishika mkono, akarudia: vilevile!

Jumanne, 12 Machi
Sauti imerudi! Mayai mabichi, kila asubuhi. Nimeutafakari sana ushindi ule. Ivonne anasema siri ya ushindi huo mji mzima unaijua, hata muuza mikate. Wivu huo. Mimi nimepiga hesabu yangu: kama walilia vile nikiwa bubu, je, wakinisikia itakuwaje? Nimeanza kukariri opera ya mwakani. Nimeanzia sehemu ya Corrado.