Tufe, Kinu na Madigadi ya Maalim Ishaq

Jumatano, 12 Februari 2025

Leo nimepata kazi ya heshima. Nimeipata kwa sikio. Nilikuwa kibandani kwangu hapa Kisumu Ndogo, nakaza mguu wa jiko, nikamsikia Maalim Ishaq akizungumza na jirani yangu Mwaura. Mwaura ni fundi wa magari. Ana mtungi wa gesi na sanduku jekundu la nyundo za dukani, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Ana pia tabia ya kulifungua sanduku hilo kila nikipita.

Gari la Maalim ni Pijo jeupe, kuukuu. Madigadi ya mbele, upande wa kulia, imeliwa na chumvi ya bahari, halafu mkokoteni wa maji ukaimalizia. Sehemu ya juu ya gurudumu, ukubwa wa sinia ya pilau, haifai tena. Mwaura akasema kipande kama kile hakipatikani siku hizi. Atabandika bati bapa, ajaze ule udongo wa dukani wa kuzibia mashimo juu yake, apake rangi. Maalim akauliza itadumu? Mwaura, kwa kuwa hajui biashara, akasema ukweli: miezi mitatu.

Nikajitokeza. Shikamoo Maalim! Nikamwambia kipande hicho mimi nitakifua kwa mkono, bati tupu, na kitaishi kuliko gari lenyewe.

Maalim alinitazama sana. Gari lilikuwa la marehemu mkewe, Bi. Hadiya. Binti yao Widad anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, kabla Ramadhani haijaingia, na ameapa kwamba atatoka kwao kwa gari la mama yake au kwa miguu. Akaniuliza, Mwaro, vifaa unavyo? Nikamjibu kwamba vifaa vyangu havina mfano.

Si uongo. Havina hata umbo, kwa maana havipo.

Alhamisi, 13 Februari

Nimefikiri tangu alfajiri. Bati halipati tumbo kwa kubembelezwa. Lataka shimo la kulipigia, nyundo ya mbao, mfuko wa mchanga wa kulilaza, na chuma cha mviringo cha kulinyooshea makunyanzi. Kununua ni kazi ya watu wasiofikiri.

Mke wangu Jedida yuko Kakuyuni kwa mamake hadi Jumamosi. Nikaizunguka nyumba kwa jicho la kifundi. Nikakiona kinu chake. Shimo! Mbao ngumu! Kilikuwa chembamba kidogo mdomoni, nikakipanua kwa tezo. Mchi nikaukata katikati, kichwa nikakichonga mviringo. Nyundo! Akirudi atakuta kinu kipana zaidi, na hakuna aliyemdai kitu.

Chuma cha mviringo ndicho kilichonitoa jasho. Nikamwendea Mwalimu Cherop, anayefundisha michezo katika shule ya msingi jirani. Ana tufe, lile la chuma la kurusha. Nikamwambia daktari ameniagiza mazoezi. Alifurahi mno. Akanionyesha namna ya kulilaza shingoni, akataka nilirushe mbele yake. Nikalirusha mara mbili. Mara ya pili lilikwenda nyuma. Akanipa, kwa sharti nilirudishe Jumatano, kwani mashindano ni Alhamisi.

Jioni nimelipeleka kwa fundi wa sokoni, akalichomelea juu ya bomba nene. Bomba nimelisimika kwenye gogo. Bega haliinuki. Lakini ni kifaa! Kinapendeza.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ngumu.

Asubuhi nilikwenda Sabaki kuchota mchanga mwororo, nikarudi nao gunia zima. Nikakata mguu wa suruali ya jinzi, nikafunga huku na huku, nikapata mfuko mnene kama mtoto wa kiboko. Nikalaza bati juu yake, nikapiga. Kwa pigo la ishirini mshono ukapasuka. Upepo wa kaskazi hauna adabu. Mchanga wote ulivuka ua, ukatua juu ya mlango wa tuktuk ambao Mwaura alikuwa ametoka kuupaka rangi. Ya buluu. Bado mbichi.

Mwaura hakugomba. Alisimama, akautazama mlango, akanitazama mimi, akaenda kutafuta msasa. Nadhani ni wivu.

Mfuko wa pili nimeushona kwa ngozi ya kiti cha pikipiki. Huu umekaa.

Adhuhuri Jedida akarudi na kisamvu kibichi kutoka kwa mamake, akaniomba kinu. Nikamweleza kuhusu maendeleo. Akakitazama kile kinu, akautazama ule nusu mchi. Akaniuliza neno moja tu: mchi wenyewe uko wapi? Nikamwambia ni ule ule, umegawanyika. Kisamvu akakipeleka kwa jirani. Chakula cha mchana kilikuwa ugali na chumvi. Cha usiku, ugali.

Jumatatu, 17 Februari

Bati nimelipata! Mlango wa kabati la chuma la ofisi, lililotupwa. Unene ni ule ule wa gari.

Halafu akili. Upande wa kulia wa gari umeoza, sasa utauchukuaje umbo lake? Fundi mwingine angekaa alie. Mimi nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikaibandika juu ya madigadi ya kushoto, iliyo nzima, nikaichora vizuri, nikaikata. Maalim alisimama kando akipitisha kiganja juu ya boneti. Akasema Bi. Hadiya ndiye aliyemfundisha yeye kuendesha, si yeye aliyemfundisha mkewe, na kwamba mkewe alikuwa akimpigia makofi kila yeye akipishana na punda bila kumgusa. Nikampa pole.

Mchana kutwa nimepiga. Bati linaanza kuitikia. Ukipiga kwenye kinu linazama, ukilaza kwenye tufe makunyanzi yanalala. Nimekata kipande cha springi ya lori, nikakipinda mpini. Hicho nakipiga bapa, kama kofi, na bati linalainika. Watu wawili walisimama kutazama. Mmoja alikuwa anamsubiri Mwaura, lakini alitazama.

Jumanne, 18 Februari

Nimemaliza! Tumbo zuri, limejaa kama tanga. Nikalipitisha mbele ya kibanda cha Mwaura mara tatu, nikijifanya natafuta kivuli. Mara ya tatu akaniambia limetoka vizuri. Nikamjibu kwamba kwangu ni kazi ya kawaida.

Saa tisa nikalipeleka kwa Maalim, mtaa wa Shela. Widad mwenyewe alitoka na shangazi yake, Bi. Batuli. Nikaliweka juu ya gurudumu.

Halikukaa.

Nikaligeuza. Halikukaa. Nikalishusha, nikalipandisha. Bi. Batuli, mama mtu mzima mwenye miwani minene, akazunguka gari polepole, akaniita kwa upole. Mwanangu, akasema, hebu lijaribu huku. Nikaliweka upande wa kushoto. Likalala juu ya ile madigadi nzima kama kofia juu ya kichwa cha mwenyewe.

Nimefua la kushoto. Na kushoto gari ni zima.

Nilimwambia Maalim kwamba fundi mzuri huanza na la majaribio. Widad akasema kwa sauti ndogo sana kwamba kutoka kwao hadi kwa mumewe si mbali kwa miguu.

Nimerudi nyumbani. Ningependa mtu anigombeze. Jedida ameniwekea kisamvu bila kuuliza kitu, na hilo ndilo limenimaliza.

Jumatano, 19 Februari

Asubuhi sikutoka. Nilikaa na lile bati miguuni. Mlango wa kabati umekwisha, bati jingine hakuna, na siku zimebaki mbili.

Jedida akaja na kahawa. Nikamweleza yote, hata sehemu ya Bi. Batuli. Akalichukua bati, akaligeuza, akalishika kama anavyoshika ungo.

"Baba Mapenzi," akasema, "hili tumbo limetokea upande huu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Ukilisukuma litokee upande wa pili, si litakuwa la kulia?"

Nikamwambia mambo ya bati si kama ya jikoni. Kisha nikalitazama tena. Kwa kweli nilikuwa karibu kulifikiria mimi mwenyewe.

Tukalipasha moto wa makaa hadi likawa jekundu, tukaliacha lipoe pole pole, lilainike. Nikaanza kulipiga katikati. Likajikunja kama uso wa mtoto aliyenyimwa. Jedida akaninyang'anya ule nusu mchi.

"Umenikatia mchi wangu," akasema, "basi niache niutumie."

Akaliweka juu ya mdomo wa kinu. Akaanzia ukingoni, akizunguka, akiingia ndani kidogo kidogo, mapigo mepesi, sawasawa, kama anakoboa mahindi. Hakutazama. Alisikiliza. Aliniambia panapolia kama debe bado, panapolia kama mlango anasonga mbele. Miaka ishirini nimemsikia akitwanga, na leo ndiyo nimeelewa kwamba alikuwa akisikiliza kitu. Saa saba tumbo lote lilikuwa limehamia upande wa pili.

Hapo ndipo Mwalimu Cherop alipofika kuchukua tufe.

Akalikuta juu ya bomba, bomba ndani ya gogo. Akaniuliza haya ni mazoezi gani. Nikamwambia ni ya mabega. Hakucheka. Lakini Jedida alimweleza habari ya Widad na gari la mama yake, na Mwalimu akatua mkoba wake. Akasema yeye naye alimzika mama mwaka jana. Akalishika bati kwa mikono yake miwili juu ya tufe, na mimi nikapiga kwa ile springi hadi kila kunyanzi likalala.

Kisha akaling'oa bomba lote kwenye gogo, akalitia begani, tufe juu, akaondoka.

Alhamisi, 20 Februari

Kipande kimekaa! Upande wa kulia! Lakini kukichomelea kunataka gesi, na gesi ni ya Mwaura.

Nikapanga ujanja. Nitalisifu sanduku lake jekundu, kisha nitataja kwa mbali kwamba gesi isipotumika huharibika. Nilikuwa bado kwenye sanduku alipolichukua bati mkononi mwangu. Akapitisha vidole nje, akapitisha ndani.

"Hii ni nani ameigonga?"

"Tumeifua," nikasema.

Akatazama ua wetu, Jedida alikokuwa anaanika kanga.

"Mama Mapenzi," akamwita, "mkono wako uko sawa kabisa."

Jedida akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho amecheka kwa kazi yangu, namna ile.

Mwaura alichomelea mchana kutwa, polepole, akipumzisha bati lisijikunje. Kabla hajapaka rangi aliniomba jambo moja: nisishike mchanga hadi ikauke. Nikaona ananionea, lakini nikakubali.

Habari za shuleni: fundi alilikata tufe kutoka kwenye bomba, likabaki na kidole cha chuma kilichotokeza. Mwamuzi alilikataa. Wakaazima la shule nyingine. Mwalimu Cherop ameniletea tufe pamoja na tupa.

Ijumaa, 21 Februari

Nimesugua kidole cha tufe tangu asubuhi. Mikono haina ngozi.

Baada ya Alasiri tulisimama barabarani, mimi, Jedida na Mwaura. Pijo likaja polepole, jeupe, limefungwa maua ya asumini. Mbele yetu likasimama. Maalim akashuka. Widad naye akateremka, akatoa mkono uliojaa hina, akaulaza juu ya madigadi ya kulia, akaupitisha taratibu kama anayempapasa mtu mgongo. Maalim akamwinamia Jedida kidogo, mkono kifuani, wakarudi garini.

Jioni imeletwa sinia ya pilau na kijikaratasi: "Kwa Mama Mapenzi, fundi." Ni wazi aliyeandika alikuwa na haraka ya harusi, akachanganya majina. Sikutaka kuwasumbua. Nimekula.

Jumapili, 23 Februari

Siku tulivu. Nimejipima nafsi, kama ipasavyo kwa mtu aliyefaulu.

Mwaura ameomba Jedida amsaidie milango miwili ya gari kuanzia kesho. Nimemruhusu. Alikuwa ameshakubali.

Mimi nina mambo makubwa zaidi. Nikielekea kanisani nilikutana na Trizah, mwenye saluni kule barabara ya Lamu. Anatafuta beseni la kuoshea wateja nywele, la kina, lenye ukingo wa kulaza shingo. Akaniuliza nimewahi kulitengeneza? Nikamwambia wiki hii nimetengeneza matatu. Analitaka Alhamisi. Nikamwambia Jumatano.

Beseni la namna hiyo lataka kitu kikubwa cha mviringo cha kulifulia, kirefu, kipana chini. Nimelifikiria jambo hili ibada nzima, na Mungu si Athumani. Mhubiri alipotaka tuinue macho, nikayainua. Pale juu ya mlango inaning'inia kengele ya kanisa. Shaba nzito, umbo lenyewe hasa, kama iliyopimiwa kazi yangu.

Na hupigwa Jumapili tu. Siku sita zote haina kazi.