Mgonjwa Aliyelia Kama Paka

Jumamosi, 3 Septemba 1949. Kilwa Kivinje.

Siku ya pili tangu nitoke kambi ya mkonge, Lindi. Mwaka wa nne tangu nitoke Songea. Mgongo bado unauma, ila sasa unauma nikiwa nimekaa kivulini. Tofauti kubwa.

Mashine ya kukwangua mkonge imevunjika jino. Jino jipya linakuja kwa meli, na meli haina haraka. Tumeambiwa tupumzike. Songea mbali mno, ningefika mlangoni na kugeuka. Basi nimepanda lori la Ahmadi mpaka huku kwa Bakary. Tulikuwa tukikata mkonge pamoja kabla hajarudi kwao kuuza samaki.

Nimewaacha paka wangu wawili chumbani. Karani, dume, ambaye kutwa amelala juu ya karatasi. Na Mamkwe, ambaye hukutazama unavyokula mpaka tonge likukwame. Mpango wa kuwatunza nimeubuni mwenyewe. Sijamwambia mtu.

Kwanza, chumba. Nyapara Maftaha akiona chumba hakina mtu, humpa mgeni aliyevuka Ruvuma juzi. Kwa hiyo nimetia komeo kwa ndani, nikatokea dirisha la nyuma. Mlangoni nimetundika jani la mgomba lenye fundo. Kambi nzima inajua maana yake: ndani yumo mgonjwa wa mganga, hasalimiwi wala haonwi mpaka atoke mwenyewe.

Pili, chakula. Hapa akili ilifanya kazi. Nimepitisha kamba ya mkonge juu ya boriti. Upande mmoja mtungi wa maji wenye tundu dogo chini. Upande wa pili furushi la ng'onda. Maji yanadondoka bakulini, paka wanakunywa. Mtungi unapungua uzito, samaki wanashuka kidogo kidogo, paka wanakula. Darasa la tatu la misheni halikwenda bure.

Jirani yangu Abilahi angewalisha kwa furaha. Ndiyo maana sikumwambia. Abilahi ni Mmwera, na Wamwera na sisi Wangoni ni watani. Anachukua kofia yako, anaivaa mbele yako, na ukikasirika aibu ni yako. Tayari Karani akiyaona mapaja ya Abilahi hanijui. Wiki moja ya mikia ya papa, paka wamehamia kwake. Nikawadai kwa nani? Kwa mtani?

Jumapili, 4 Septemba.

Nimekula wali wa nazi mara mbili. Nimelala mchana kama meneja.

Mama yake Bakary ni Bi Kazija. Mfupi, mpole, ana paka wasiojulikana idadi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitengea kiti. Nami, kwa kutaka kumfurahisha, nikasema hata mimi nina paka wawili. Akafurahi sana. Akauliza nimewaacha na nani.

Nikasema nimewafungia.

Bi Kazija aliacha kuchambua mchele. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba yuko mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Kwa hilo tu. Swala na mengine hakuyataja.

Mimi ni Mkristo, lakini moto ni moto.

Nikasema haraka kwamba nimewafungia pamoja na mke wangu. Akauliza mke gani. Nikasema Emerensiana. Sijui jina lilitoka wapi. Bi Kazija akashusha pumzi, akarudi kwenye mchele wake. Bakary alinitazama kwa jicho moja, hakusema kitu. Rafiki wa kweli.

Jumanne, 6 Septemba.

Maswali ya Bi Kazija juu ya Emerensiana hayaishi. Kwao wapi? Anajua kupika samaki wa nazi? Ana hasira? Nimemjibu vizuri mno. Kwao Nyangao, mpole, ila hapendi mtu aingie na tope. Kufika jioni nikawa namkumbuka.

Lakini ule moto haujaniacha. Nimeona bora niujaribu mpango wangu hapa hapa, nitulize roho. Nikaazima mtungi wa Bi Kazija, nikatoboa tundu, nikatundika uani na furushi la samaki kama kule. Nikamwambia Bakary ni njia ya kienyeji ya kupoza maji.

Mtungi ulikaa vizuri mpaka paka wa kwanza aliporuka akaning'inia kwenye samaki. Akaruka wa pili. Samaki wakashuka wote kwa mpigo, mtungi ukapaa mpaka kwenye boriti, ukapasuka. Paka wa mtaa mzima walikuwa uani kabla vigae havijatulia.

Nimechunguza kosa. Kamba ya huku ni ya makumbi. Yangu ni ya mkonge. Haiwezi kutokea.

Bi Kazija hakukasirikia mtungi. Amesema mwanaume mwenye kuhangaika na maji namna ile lazima mkewe anamfaidi. Amenipa zawadi nimpelekee Emerensiana: paka mchanga wa kike, mweupe, sikio moja jeusi, ndani ya kikapu cha ukindu. Nilitaka kukataa. Paka akanyonya kidole changu. Sikukataa.

Alhamisi, 8 Septemba.

Balaa.

Ahmadi amerudi na lori lake kutoka Lindi. Amekaribishwa kahawa hapa barazani, na kama madereva wote, habari zilimtoka kabla ya vumbi. Akasema huko kwenye kambi ya mkonge kuna jambo. Kuna Mngoni mmoja aliingia dawa, kajifungia, sasa ni siku ya sita. Hali chakula wala hasemi. Analia kama paka. Asubuhi na jioni. Watu wanatoka mpaka Rasbura kwenda kusikiliza. Wapo wanaosema dawa imemzidi nguvu, keshageuka paka kabisa.

Ahmadi hajui ninakolala kambini. Mimi kwake ni abiria wa juu ya magunia.

Nikauliza, taratibu, watu wanakusudia kufanya nini. Akasema Nyapara Maftaha na wazee wamekubaliana kungoja siku saba, kwa heshima ya mganga. Jumamosi asubuhi mlango unavunjwa. Paka atakayekutwa ndani atapigwa fimbo mpaka arudi kuwa mtu.

Nikaweka kikombe chini.

Karani hawezi kurudi kuwa mtu. Hata akipigwa mwaka mzima. Na Mamkwe hatajaribu, kwa jeuri.

Ikabidi niseme yote. Jani la mgomba, dirisha, mtungi, ng'onda. Bakary alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ahmadi alisimama akanitazama miguu, nadhani alikuwa anatafuta mkia. Bi Kazija hakucheka. Akauliza jambo moja tu: na Emerensiana?

Nikasema hayupo. Hakuwahi kuwapo.

Akanijazia kahawa. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo mke usiye naye ana akili kukushinda."

Nikataka kumrudishia paka mchanga. Akanirudishia kikapu kifuani. Akasema nimpeleke hivyo hivyo, nyumba ile inahitaji mtu mzima. Akanifungia na mikate ya mchele ya njiani. Basi paka mchanga ndiye Emerensiana sasa.

Ijumaa, 9 Septemba. Juu ya lori.

Naandika magunia yakinirusha. Lori limekwama mchangani mara ya pili. Nimesukuma kama ng'ombe. Ahmadi anasema hajawahi kuona abiria anayesukuma huku analia. Nimemwambia ni vumbi.

Nimewaza njia nzima. Mamkwe alikuja kwangu mwaka wa kwanza, wakati wa homa, sina ndugu, sina wa kunipa maji. Alikaa kifuani kwangu akanitazama kwa dharau mpaka nikaona haya kufa. Karani ni mwanawe. Katika nchi hii yote ya pwani, wanaoniona ninapoingia mlangoni wakainua kichwa ni hao wawili. Karani huinua nusu.

Ahmadi ameahidi kutembea mpaka alfajiri. Ee Mungu, gurudumu lisipasuke.

Jumamosi, 10 Septemba. Kambini.

Gurudumu lilipasuka.

Jua lilikuwa limeshatoka Ahmadi aliponishusha Rasbura. Nikakimbia na kikapu mpaka kambini. Mbele ya safu yetu ya vyumba watu wamejaa kama siku ya mshahara. Nyapara Maftaha kashika mchi wa kutwangia. Wazee wana fimbo.

Nikazunguka nyuma. Akili yangu: niingie kwa dirisha, nitoe komeo, nitokee mlangoni mzima, niseme nimepona. Paka watakuwa wazima na mimi nitakuwa na heshima.

Ila wiki nzima nimekula wali wa nazi. Dirisha ni lile lile, mimi siye. Nilipitisha kichwa, mikono, kifua. Tumbo likakataa. Sikwenda mbele, sikurudi nyuma. Emerensiana akatoka kikapuni, akanipanda mgongoni, akakaa juu ya kichwa changu, akalia kwa nguvu zake zote.

Nje kukawa kimya kabisa. Kisha mchi. Pigo moja, komeo likaruka.

Walichokiona ni hiki: chumba kitupu, vigae vya mtungi sakafuni, na ukutani nusu mtu, jasho linamtiririka, paka mweupe kichwani.

Hakuna aliyesogea. Nyapara Maftaha alishusha mchi polepole. Ndipo nikasikia sauti ya Abilahi kutoka katikati ya watu, sauti ya mtu anayejua anachokisema:

"Tulieni, jamani. Anarudi. Juu keshakuwa mtu, chini bado."

Watu wakarudi nyuma hatua kadhaa. Mzee mmoja akaniuliza, kwa adabu, kama nina maumivu. Nikasema tumboni. Wakatikisa vichwa, wameelewa.

Abilahi alizunguka nyuma akanishika miguu. Hakuvuta. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Lindi kwamba kimila lazima mgonjwa alie mara ya mwisho, ili upaka umtoke wote. Nikamwambia mambo ambayo sitayaandika. Akasema yeye ana nafasi mpaka magharibi.

Nililia. Nyau. Akasema kidogo hicho. Nililia tena.

Nilipochomolewa nikaanguka chali mbele yake. Amevaa kofia yangu. Swali langu la kwanza: paka wangu wako wapi? Alinizungusha mbele, akanionyesha kwa kidevu mlango wa chumba chake. Karani kalala juu ya mkeka wake, kanenepa kama karani wa kweli. Mamkwe alinitazama tangu unyayo mpaka kichwani, akafika kwa Emerensiana, akageuza uso ukutani.

Nilikaa chini nikawashika wote wawili. Karani aliinua kichwa chote. Sijawahi kuona.

Abilahi alinieleza baadaye, tukila. Aliniona siku ile nikitoka dirishani, makalio kwanza. Usiku ule ule alisikia kishindo: mtungi chini, ng'onda zote zimeliwa kwa kikao kimoja. Asubuhi alifungua dirisha akawachukua paka kwake. Lakini siku ya pili Nyapara Maftaha akaja kutega sikio mlangoni. Kimya. Akasema chumba hiki kitupu, apewe mwingine. Abilahi akakimbilia nyuma, akaweka mdomo dirishani, akalia kama paka, kwa kuwa ndiyo sauti pekee aliyoikumbuka ya chumba changu. Nyapara akaondoka. Basi ikambidi alie kila asubuhi na kila jioni. Anasema koo linamwasha. Anasema nisidhani ni wema, amefanya kwa ajili ya kunicheka, na kofia harudishi.

Nikamwambia Mmwera si mtu. Akanisogezea kipande kikubwa cha papa.

Jumapili, 11 Septemba. Kambini.

Nimewarudisha paka chumbani. Iligharimu mikia miwili ya papa na maneno mengi ya upole. Mamkwe amemkubali Emerensiana kwa kumpiga kofi moja tu.

Komeo nimelitengeneza. Nyapara Maftaha alipita, akasimama mbali, akauliza hali yangu. Amesema chumba kikae nami muda ninaotaka. Wageni wa ng'ambo ya Ruvuma wameonyeshwa hiki wakasema bora walale nje. Kwa hiyo ukitazama vizuri, mpango ulifaulu. Chumba kipo, paka wapo, tena wameongezeka.

Jino la mashine halijafika. Meli imepita na kitu kingine.

Bakary aliwahi kunieleza habari za Songo Songo. Ana mjomba huko, anasema mtu analala mpaka anachoka kulala. Ahmadi anakwenda Kivinje kesho, na huko hakukosi chombo cha kuvuka.

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Ni mtungi. Udongo hupasuka. Safari hii natumia debe. Halipasuki, na linabeba maji ya paka watatu. Dirisha nimelipanua upana wa kiganja kila upande. Jani la mgomba nimekwisha kata, nimelifunga fundo.

Abilahi hana habari yoyote. Nimekuwa mwangalifu sana. Nimefunga debe gizagiza hili la magharibi huku nikiimba, asisikie nyundo.

Paka wote watatu wamelala kitandani kwangu, joto tupu, Emerensiana shingoni. Sijui nitaamkaje. Nje ya dirisha la nyuma kuna paka mgeni analia tangu jua lilipozama. Sauti yake nzito kidogo, kama mwenye mafua. Anaanza, anakohoa, anaanza tena.

Nitarudi Jumapili ijayo.