Ndoa ya Pili kwa Mke Yuleyule

Jumapili, 3 Machi
Tumetoka kwenye sherehe ya Kola. Huyu ni mume wa dada yake mke wangu, shingo yake haijawahi kuonekana bila kola ngumu. Karudia viapo vya ndoa mbele ya watu wote. Miaka kumi na miwili tu! Mke wangu kalia mpaka kitambaa kikalowa. Kwangu, miaka ishirini, hulizwa na vitunguu tu. Njiani kaniambia, "Umesikia alivyomuuliza mkewe?" Mimi si mjinga, nimeelewa. Anataka sherehe kubwa kuliko ile. Ataipata, tena kwa siri.

Jumatatu, 4 Machi
Nimeandika kadi ya mwaliko. Ya Kola ilikuwa na maneno kumi na tisa. Uvivu mtupu! Yangu ina mia mbili na kumi. Nimetaja cheo changu (karani mkuu, ghala la matairi), mwaka niliopandishwa, na kwamba sijawahi kung'olewa jino. Mke wangu nimemtaja pia, upande wa nyuma.

Jumanne, 5 Machi
Mchapaji kasoma, kavua miwani, kasoma tena. Kauliza kama bibi harusi ameiona. Nikamwambia ni siri, asinifundishe kazi. Kauliza wageni wathibitishe kwa nani. Simu hunikatizia usingizi wa mchana, kwa hiyo nimempa namba ya mke wangu. Yeye hupokea kwenye mlio wa kwanza. Kichwa kinafanya kazi!

Alhamisi, 7 Machi
Kadi mia na arobaini zimegawiwa. Kola kaitafuta tarehe dakika nzima. Wivu huo.

Ijumaa, 8 Machi
Simu ya mke wangu haijanyamaza tangu asubuhi. Mwenye duka la dawa kauliza kama aje na watoto. Shangazi kauliza kama bwana harusi ni yuleyule. Mke wangu kawajibu wote kwamba na yeye ndiyo kwanza anasikia. Jioni sahani yangu imetua mezani kwa kishindo.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kaniketisha. Kasema, "Watu sitini na watatu wameniuliza kama nitakuja kwenye ndoa yangu. Wewe hujaniuliza. Hata mara ya kwanza aliuliza mjomba wako, wewe ulikuwa nje unalinda gari."

Sauti haikupanda. Afadhali ingepanda. Nikamwambia mjomba aliuliza vizuri sana. Akasema hataki sherehe wala keki, anataka swali moja kutoka kwangu. Lisipokuja, siku ya sherehe atakuwa kwa dada yake, na hajui atarudi lini. Macho mekundu, na jikoni hapakuwa na kitunguu.

Nimeogopa. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma: bila yeye hata sijui nitakaa chumba gani.

Jumapili, 10 Machi
Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu kapita na kikapu cha nguo, kasimama, kangoja. Nimemuuliza soksi zangu ziko wapi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepata! Swali zito namna hii halirushwi kwa mdomo tu. Linachapwa. Nimerudi kwa mchapaji: karatasi nene, ukingo wa dhahabu, maneno machache. "Mpenzi, utakubali kuwa mke wangu tena?" Chini, jina langu kamili na sahihi.

Mchapaji kasema hachapi kadi moja, anaanzia hamsini. Haidhuru. Moja nimeiweka chini ya mto wa mke wangu. Arobaini na tisa kuzitupa ni dhambi, karatasi nzuri vile. Nimezipitisha mtaani nyumba kwa nyumba, nikawapa kina mama wote, asionekane mtu kabaguliwa. Shemeji yangu, mke wa Kola, nimemkabidhi mkononi kwa heshima zote.

Mambo yanakwenda vizuri. Mpaka saa kumi jioni wameshakubali wanne. Mke wangu bado.