Plagi Nne Chini ya Mikate

Jumatano, 4 Juni
Kesho naondoka. Nimeishi miaka sita katika nchi ambamo sikuzaliwa. Nilikuja kusoma falsafa, nikahitimu, nikasahau kurudi. Sasa nitalivuka bara kwa barabara, kusini hadi kaskazini, kwa pikapu niliyoachiwa na profesa wangu. Sababu rasmi: kuyaona kwa macho niliyoyasoma. Sababu ya siri: nataka mtu mmoja aniambie nisiende. Akitamka tu, nashusha mizigo. Hila yangu yote ni hiyo.

Nimeitangaza safari uani, kwa hoja tatu. Mpangaji mwenzangu, Mwalimu wa Jiografia, akadai daraja nililopanga kulivuka siku ya tisa lilishavunjika. Nilimbishia mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza dirisha langu hupata jua saa ngapi. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akikunja nguo, akauliza kama shati la bluu nalichukua. Basi.

Alhamisi, 5 Juni
Gari limegoma. Fundi alifungua boneti, akatazama, akacheka peke yake. "Msomi, hapa hamna plagi hata moja. Ulitaka liende kwa hoja?" Anasema zimefunguliwa na mkono unaojua kazi; hakuna palipokwaruzwa.

Nani katika nyumba hii anajua spana? Nilitafakari jikoni, chini ya spana za marehemu mume wa Mama, dereva wa lori, ambazo Mama huzipangusa kila Jumatatu. Jibu: Mwalimu. Ana wivu wa ramani. Nilimkabili. Akashangaa: yeye anizuie, na pazia lake ameshalipima dirishani kwangu? Hoja imara. Sikuikubali.

Mama leo mchangamfu kupita kiasi. Amenipakulia mara mbili. Ndivyo mtu anavyofurahi akikaribia kupata nafasi nyumbani kwake.

Ijumaa, 6 Juni
Fundi ameleta plagi mpya. Hila ya pili: nilibeba vitabu kimoja kimoja, nikipita mbele ya Mama kila safari. Vitabu arobaini na kimoja. Akauliza kama sijachoka.

Nikamwendea kwa mzunguko: nchi ikimpoteza msomi, inapoteza nini hasa? Akasema ya nchi hayajui, ila nyumba itakuwa kimya. Nilimsahihisha, swali lilihusu nchi. Akasema yeye msafiri hamwambii neno la kumzuia. "Marehemu nilimwambia siku ile, mwanangu. Akaondoka amenuna, na ndiyo ikawa basi." Nilimpa pole. Moyoni nilisikitika kwamba mazungumzo yamenihama mimi yakaenda kwa marehemu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeondoka saa tatu asubuhi. Mwalimu alikuja kunishikia mlango; wa chumba, si wa gari. Tayari alikuwa na nyundo ya pazia. Mama alinikabidhi kikapu, akanirekebisha kola, akaingia ndani kabla sijawasha. Hakunipungia hata mkono. Niliiacha injini ikinguruma dakika kumi na moja. Mlango haukufunguka.

Jumapili, 8 Juni
Kituo cha mafuta, mji wa pili. Tangu jana nimesemeshwa na mtu mmoja, mhudumu, aliyetaka kujua lita ngapi. Nilimweleza safari yangu yote. Akarudia: lita ngapi?

Nimefungua kikapu. Chini ya mikate, ndani ya kitambaa changu cha mfukoni kilichopigwa pasi: plagi zangu nne za zamani. Zimesuguliwa zinang'aa.

Nimelipima jambo hili kimantiki, kwa muda wa kutosha. Mwalimu amesutwa na dhamiri, akazirudisha kwa siri. Nimemwandikia barua ya kurasa nne ya kumsamehe, nikaisoma kwa sauti garini. Ni barua nzuri, inastahili msikilizaji.

Mama sijamwandikia. Nimwambie nini mtu ambaye hakujaribu hata kidogo kunizuia?