Mlima Uliokuwa Nyuma Yetu

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe (ingawa weupe wenyewe ulikuwa wa ukungu). Ningesema hapana tu, jioni hii nisingekuwa nawaandikia. Mwalimu Wekesa aliponiambia, "Mzee Kariuki, si wewe ni mtu wa huku? Tuongoze basi," nilipaswa kumjibu kwamba tumeambiwa tukae, na mimi nimekaa. Badala yake nilisimama. Nikajipangusa suruali. Nikasema, "Nifuateni."

Wacha nianze mwanzo.

Mnajua niko katika kikundi cha wastaafu wa mji mdogo wa Wamagana na Nyeri mjini wanaotembea milimani kila Jumamosi ili magoti yasishike kutu. Mwezi ujao kikundi kinapanda Mlima Kenya hadi Lenana, kilele ambacho mtu wa kawaida hufika kwa miguu yake bila kamba. Mlima huo nimeutazama kupitia dirisha la jikoni maisha yangu yote. Nimenywa chai nikiutazama. Nimeoa nikiutazama, nimezika nikiutazama, na sijawahi kuukanyaga. Mwaka jana nilipaka paa la nyumba yangu rangi ya bluu, ili siku nitakaposimama kule juu nitazame chini na kuona kwangu. (Mkamwana wangu aliuliza kama nimefungua kanisa.)

Leo lilikuwa zoezi la mwisho, katika msitu ulio juu ya Kabaru, na Nyambura, mwongozaji wetu wa mlima, ndiye angeamua nani aende na nani abaki. Nyambura ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Asubuhi langoni alikagua mizigo yetu: koti la mvua, maji, tochi ya kichwani, filimbi, na lile blanketi jembamba linalong'aa kama karatasi ya kufungia kuku wa kuchoma. Mimi nilikuwa na kila kitu, vingine viwili viwili. Nilitarajia sifa.

"Juu kule sihitaji mtu anayejua mlima," alisema. "Nataka mtu anayekaa akiambiwa kaa."

Niliitikia kwa kichwa. (Hakuna aliyeitikia kwa nguvu kunishinda.)

Tukaanza kupanda. Kwanza misonobari iliyopandwa kwa mistari, kisha miti ya zamani yenye ndevu za kijivu, kisha mianzi inayogongana juu kwa juu kama watu wanaonong'ona kanisani. Hatukuzungumza sana. Msitu ule unamfanya mtu akumbuke mambo ambayo hakujua anayakumbuka. Mimi nilikumbuka harufu ya koti la baba yangu.

Hapo ndipo buti la Gathogo likafunguka. Alikuwa amelinunua mitumbani Karatina, buti la mlimani hasa, bila mkwaruzo, na ndilo kosa lenyewe, kwa maana buti lililokaa kabatini miaka mingi gundi yake huoza. Soli ikaachia mbele kama mdomo wa mtu anayetaka kuuliza swali. Nyambura akaifunga kwa kamba, akasema atamrudisha Gathogo garini kisha atatufuata. Akatuonyesha gogo kubwa lililoanguka kando ya njia.

"Kaeni hapa. Ukungu ukishuka, hapa ndipo nyumbani kwenu. Msiende mbele, msirudi nyuma."

Akaondoka. Ukungu ukashuka, kana kwamba ulikuwa umejificha ukimsubiri aondoke.

Tulikaa. Nawaambia kweli, tulikaa. Lakini gogo lilikuwa bichi na baridi inapanda kupitia suruali, na mzee akikaa kimya kwenye baridi anaanza kusikia kila kiungo kikijitambulisha. Mwalimu Wekesa, aliyetoka Kakamega kuja kufundisha Nyeri na hajarudi kwao, akaniomba niongoze. Tutembee polepole tu, akasema, tupate joto. Mama Njoki, muuguzi mstaafu ambaye hakubali kitu kabla ya kukipima, akanitazama kunipima. Na mimi nimekua nikiambiwa kwamba mtu wa Nyeri hapotezi mlima. Hata usingizini, nikawaambia, mniamshe, nitawaonyesha mlima ulipo.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia Nyambura. Ule mwendo ulikuwa mtamu. Miti ilikuwa inakuja mmoja mmoja, inasimama, inatuangalia, inaondoka. Nilisikia hatua za wenzangu nyuma yangu bila kuwaona, na nikahisi kama nyuma yangu kuna watu wengi zaidi, wote niliowahi kutembea nao tangu utotoni. Sikuwa na miaka. Sikuwa na goti. Nilikuwa naenda juu, na ukungu huu ukifunguka nitaona paa la bluu.

"Kariuki," Mama Njoki akasema kutoka nyuma, "kwani mlima huu unapandwa kwa kuteremka?"

Nikamweleza kwamba mlima mkubwa huteremka kidogo kabla ya kupanda.

Baadaye jogoo akawika.

"Huyo ni kwale," nikasema. "Ndege wa msituni."

"Kwale wa huku anasema kokoriko?" akauliza Mwalimu Wekesa. Hakuwa na kejeli. Alikuwa mgeni anayetaka kujifunza.

Kisha mianzi ikaisha bila kuaga. Ardhi chini ya buti ikawa laini, yenye matuta, na mimi nikawaza jinsi maumbile yanavyoweza kupanga udongo vizuri. (Matuta. Yenye mistari. Na mbolea.) Hapo hofu ikanishika kidogo. Nikasimamisha msafara na kufanya kama Nyambura alivyotufundisha kwa siku ya kupotea: tukae pamoja, tujifunike mablanketi yanayong'aa, tupulize filimbi mara tatu. Tukapuliza. Mbwa akabweka karibu kabisa. Nikasema huyo ni fisi. Safari hii hakuna aliyeniuliza kitu, na kimya hicho kilinitisha kuliko fisi.

Mama Njoki ndiye aliyesema tuombe. Tusimame kama babu zetu walivyosimama, akasema, mikono juu, nyuso zikielekea mlima. Ni mzee wa kanisa, lakini kwenye ukungu mtu huchukua kila msaada.

"Kariuki, mlima uko upande gani?"

Nilifumba macho. Nikangoja mlima unijie, kama unavyonijia asubuhi kabla sijafungua pazia. Ukaja. Nikanyoosha mkono.

"Uko pale."

Wote wakageuka. Mwalimu Wekesa akasema kwao hawaombi hivi, lakini leo ataazima mlima wetu. Tukainua mikono, mablanketi yakiwaka mabegani kama mabawa ya malaika waliostaafu. Nikaomba kwa Kikuyu, kwa sauti. Niliomba njia. Niliomba uzima wa wenzangu. Na kwa kuwa nilikuwa tayari nimesimama mbele yake, nikauambia mlima habari za paa langu, kwamba nimelipaka rangi, na kwamba nisipoliona kutoka juu kabla sijafa nitakuwa nimeishi uani pa nyumba kubwa bila kubisha hodi. Nikasikia Mama Njoki akivuta pua.

Ukungu ukafunguka.

Ulifunguka polepole, kutoka chini kwenda juu, kama pazia la maonyesho. Kwanza tukaona viazi. Mistari ya viazi katikati ya misonobari michanga, maana huku watu hupewa sehemu ya msitu walime mpaka miti ikue. Kisha tukaona kuku. Kisha, mbele kabisa, pale mikono yetu ilipokuwa imeelekea, tukaona choo cha mabati.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mama mwenye leso kichwani na kopo la maji mkononi. Akatuona. Wazee wanaong'aa, mikono juu, wamemwelekea yeye. Hakukimbia. Akafunga mlango taratibu nyuma yake.

"Wazee," akasema, "kama mlikuwa mnangoja, si mngebisha?"

Hakuna aliyeshusha mkono. Nadhani tulisahau ni yetu.

"Tunaomba mbele ya mlima, mama," nikasema. (Ndiyo, nilisema hivyo.)

Alituangalia mmoja mmoja. Kisha akanyoosha kopo juu ya vichwa vyetu.

"Mlima iko nyuma yenu."

Tukageuka. Ulikuwa pale. Wote, na theluji yake, umesimama juu ya msitu, ukitazama migongo yetu. Kwa muda gani, sijui. Mwalimu Wekesa ndiye aliyeanza kucheka, akaketi kwenye tuta, Mama Njoki akamshika bega na kucheka machozi, na mimi pia nikacheka. Yule mama akatuletea uji.

Tulikuwa bado tunakunywa Nyambura alipotokea. Matope yalimfika magotini, na mkono mmoja ulikuwa umechubuka. Alikuwa amerudi kwenye gogo, hakukuta mtu, akashuka korongoni akiita majina yetu moja baada ya jingine. Askari wa msitu walikuwa tayari njiani. Hakucheka. Aliuliza nani alitutoa pale.

Mwalimu Wekesa alianza kusema tuliamua wote. Nikamkatiza. Nikasema ni mimi.

"Guka," akasema. Huniita hivyo siku zote, babu, kama mjukuu wangu. Alikaa kando yangu kwenye tuta. "Kule juu mtu akihama kwenye ukungu, hafiki kwenye choo cha mtu. Hafiki popote. Mimi ndiye humtafuta, na mimi ndiye huenda kuambia watoto wake."

Nilimpa blanketi langu la pili ajifunike.

Sasa ni jioni na niko jikoni. Mlima umejitokeza wote, wa waridi kidogo juu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu Wekesa amenipigia simu. Ameahidi kutafuta paa la bluu kwa niaba yangu. Nimemwambia asubuhi watakayofika kileleni nitakuwa uani, nimevaa lile blanketi linalong'aa, ili akikosa paa anione mimi.

Mkicheka, chekeni, lakini yule mama wa Kabaru msimtafute kumuuliza. Niliambiwa nikae, nikaombwa niongoze, nikakubali kuongoza. Mwezi ujao wenzangu watapanda mlima. Mimi sitapanda; Nyambura ameniambia nikae.