Ludmila wa Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 7 Juni 1926. Omaha.

Wiki ya mwisho ya majaribio! Bosi Haggerty kanipasulia wazi: Jumamosi ikifika sina stori ya ukurasa wa kwanza, nirudi kwa Mjomba Vojta nikalishe nguruwe. Mimi, Emil Zeleny, mwenye mbio kuliko wote gazetini! Shule niliiacha darasa la nane kwa hiari yangu. (Mwalimu naye alikuwa na hiari hiyohiyo.)

Tabu ni neno lenyewe. Humu ofisini kila kitu ni stori. Ghala likiungua, stori. Karatasi inayoeleza ghala, stori. Leo mzee kaanguka kutoka ngazi ya kanisa, Bosi akauliza stori iko wapi. Nikamjibu imelazwa hospitali, imevunjika mguu. Chumba kizima kikaangua kicheko. Bosi hakucheka.

Jumanne, 8 Juni

Gari la barafu limepinduka! Nikatimka hadi kwenye simu, nikammwagia yote Chester Thayer. Huyu ni yule wa chuo kikuu, mwenye tai ya kipepeo. Sisi tunakimbia, yeye kakaa anaandika. Jioni gazeti likatoka. Stori tamu kama nini! Juu yake jina: Chester Thayer. Viatu vilivyolowa ni vyangu!

Nikamwita kupe. Akasema, "Kupe anakula, bwana mdogo. Wewe umekula nini leo?"

Sikuwa nimekula.

Jumatano, 9 Juni

Nimefokewa mbele ya watu. Nilipiga simu kuhusu kinyozi aliyemkata mteja sikio, nikasahau kuuliza sikio ni la nani. Bosi akasema stori isiyo na jina, umri na anwani ni porojo. "Hata akiwa mbwa, Zeleny! Jina! Umri! Anwani!"

Nimekariri njia nzima kurudi nyumbani. Mama mmoja kwenye tramu akahama kiti.

Alhamisi, 10 Juni

Hakuna kinachoungua. Hakuna anayeanguka. Mji mzima una adabu ya kuudhi.

Kisha wazo likaja. Stori isipokuja, si iletwe? Kesho wake za wenye viwanda vya nyama wanakunywa chai kwenye ile hoteli kubwa. Waume zao wanachinja nguruwe kutwa. Wao hawajawahi kusalimiana na hata mmoja aliye hai. Na Mjomba ana Ludmila. Ratili mia sita! Mpole sana, ila asinuse keki.

Nimemwomba Mjomba ruhusa ya kumwogesha. Akanitazama, akasema hatimaye nimeanza kupata akili.

Ijumaa, 11 Juni

Lo!

Ludmila aliingia kwa mlango wa jikoni kama mgeni rasmi. Akamaliza keki za plamu, akahamia kitambaa cha meza. Bibi mmoja alipanda juu ya piano, na kofia yake. Waandishi wa mji mzima hawakuwa na habari, isipokuwa mimi! Nikajitosa kwenye kibanda cha simu cha ukumbini.

Kumbe Ludmila ananipenda. Alinifuata, akalala mlangoni. Na mlango wenyewe unafungukia nje.

Haidhuru, simu ninayo. Thayer akaandika huku anacheka hadi akakohoa. Nikampa vyote, sikusahau hata kimoja. Jina: Ludmila. Umri: miaka mitatu. Anwani: kwa Vojta Kubik, nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Kicheko kikakatika.

Kisha Thayer, taratibu kabisa: "Emil, nguruwe kakwambia mwenyewe?"

Nikasema mwandishi makini hamtaji aliyempa habari. Bosi akampokonya simu. Aliyoyasema siyaandiki, Mama husoma daftari hili.

Polisi walinitoa. Ludmila alitolewa kwa keki.

Jumamosi, 12 Juni

Ukurasa wa kwanza! Katikati! Jina langu, umri wangu, anwani yangu, vyote sahihi. Thayer ni fundi, nakiri.

Bosi alinipiga gazeti la kichwa, akasema mimi si mwandishi, mimi ndiye stori. Angeendelea, lakini huko chini wauzaji walikuwa wanagonga mlango: magazeti yamekwisha, waongezewe! Bosi akakuna shingo. Akanipa wiki moja zaidi, kwa sharti moja: nisionekane karibu na kitu chochote chenye kwato.

Adhabu ya hoteli: nipige deki ukumbi wao kila asubuhi. Mjomba hasemi nami. Anasema na Ludmila tu, maana watu wanafika na watoto wao kumtazama. Na ofisini nimepata jina. "Stori, lete kahawa!" "Stori, funga mlango!" Thayer ndiye aliyeanza.

Wacha waseme. Jumanne meya anazindua chemchemi mpya ya bustani. Bata bukini hawana kwato. Nimehakikisha. Bibi Anezka, jirani yetu, ana kundi zima, na wana hasira nzuri.

Nimeshapita kwake jioni hii kuuliza majina yao na umri. Anwani ninayo.