Ombi la Kurudishiwa Baba Asiyeonja

Kwa Meneja wa Kiwanda cha Bia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mitambo yako. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba, binti wa yule mbandika lebo wenu ambaye miezi miwili iliyopita mlimpandisha cheo akawa mwonjaji wa ile bia mpya ya rangi ya kaharabu. Tulishangilia sana. Sasa naomba mumshushe, kwa sababu zifuatazo:

1. Rangi. Baba ametufundisha kwamba bia hiyo huanza kuonjwa kwa macho: iwe kahawia yenye wekundu, na ing'ae ukiielekeza kwenye mwanga. Ni elimu nzuri. Lakini kila asubuhi huinua chai yetu dirishani, kikombe kimoja kimoja, na zamu yangu ikifika kengele ya shule imeshalia.

2. Harufu. Anasema pua ya mwonjaji ni mali ya kiwanda. Vitunguu vimepigwa marufuku, manukato ya mama yamefungiwa kabatini, na bibi akijipaka dawa ya magoti hutakiwa kukaa nje. Bibi amesema yeye hakuzaa pua, alizaa mtoto.

3. Povu. La bia nzuri, asema baba, hukaa. Mchumba wa shangazi alikuja kujitambulisha, akajisifia gari, nyumba na shamba. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatamka kwamba povu ni jingi ila halikai. Mchumba hajarudi. Shangazi hamsemeshi baba.

4. Ladha. Hapa ndipo penye moto. Bia hiyo hutanguliza utamu wa kimea kilichokaangwa, kama ganda la mkate, ukafuata uchungu mdogo wa kuusawazisha, kisha ikaacha mdomo safi. Jumapili baba aliutafuta mpangilio huo katika mchuzi wa mama, asiupate. Akaupa sita kwa kumi. Mama alikuwa amesimama jikoni tangu asubuhi! Akamwambia hizo sita azile na mkate. Leo ni siku ya tatu sote tunakula mkate, na baba anasifia ganda.

Mama ameshatoa sanduku. Ijumaa anakwenda kwa dada yake, na hakusema atarudi lini. Kwa heshima zote, mrudishe baba kwenye lebo kabla ya siku hiyo. Lebo hazina ladha. Ikishindikana, mwajirini na mama pia, angalau wagombane saa za kazi.

Wasalimie wafanyakazi wa zamu zote, na walinzi wa getini.

Ni mimi, mwenye njaa na adabu,
Binti wa mwonjaji wenu

Nyongeza: Mama ameikuta barua hii mezani, akaisoma kwa sauti mbele ya baba. Ameipa saba kwa kumi: mwanzo mtamu, katikati povu, mwisho safi. Baba asema ni nane. Wamebishana jikoni mpaka mchuzi ukaiva, na sanduku limerudi uvunguni. Tafadhali msimshushe. Nami nimelamba gundi ya bahasha: utamu wa mbali, uchungu kidogo, haikawii ulimini. Je, mwonjaji huajiriwa akiwa na umri gani? Naweza kungoja.